Redio ya miliwati mia: nimenunua, nimefunga, nasikika mpaka kona ya mtaa

Mmeniuliza kuhusu hii transmita yangu, yaani kimashine cha kurushia redio ya AM (masafa ya kati) kutoka nyumbani, basi nianze na majibu kabisa maana najua wengi ndo mnachotaka: ndio inafanya kazi, ndio ni halali, na hapana, haifiki maili moja kama kijitabu chake kinavyojitapa. Kwangu mimi, baada ya kuhangaika nayo miezi kama mitatu, redio ndogo ya jikoni inashika safi nyumba nzima na uani na kwa majirani watano sita kila upande, na kwenye gari naenda nayo mpaka kona ya mtaa karibu na kituo cha mafuta, kama mita mia nne hivi, alafu inaanza kukwaruza taratibu mpaka inakata. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitasema nimeibania wapi, na kwa sababu hiyohiyo jina la kampuni silitaji, sitaki ugomvi na watu.

Naishi Dayton, Ohio. Mama alikuja kutoka Muheza kukaa na sisi baada ya mke wangu kujifungua, na kilichomshinda hapa sio baridi, ni ukimya wa jikoni. Kule nyumbani redio inawashwa kabla ya moto, inazimwa watu wakilala. Tukampa simu, tukamfundisha kufungua stesheni za bongo kwenye intaneti, akawa anasema hii sio redio hii ni simu inayoongea, mara tangazo limeruka, mara mtoto kabonyeza imepotea, mara inaita. Sasa nilikuwa na redio ya betri niliyotoka nayo nyumbani miaka hiyo, ya kuzungusha kitufe, akaikumbatia kama ndugu yake, tatizo ni kwamba ukiiwasha hapa unapata wazungu wanabishana mpira na siasa basi. Ndo nikakumbuka kwamba Marekani kuna mlango mdogo wa kisheria wa mtu binafsi kurusha AM bila leseni yoyote, nikasema ngoja nimfungulie mama stesheni.

Sheria kwanza maana hapa watu wengi wanachanganya. Wanaosimamia ni FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na kipengele chenyewe cha kanuni zao ni Part 15, kifungu cha 15.219. Kinasema ukiwa kati ya kilohezi 510 na 1705 unaruhusiwa kurusha bila leseni mradi umeme unaoingia kwenye hatua ya mwisho ya mashine usizidi miliwati 100, na antena yako, waya wa kuilisha na waya wa kuteremka kwenye ethi (ardhini), vyote vitatu ukivijumlisha, visizidi mita 3. Basi. Miliwati 100 ni sehemu ya kumi ya wati moja, taa ya LED ya chumbani ya wati tisa inakula mara tisini ya hapo. Alafu kuna sharti la jumla la vifaa vyote vya Part 15: usimsumbue mwenye leseni hata kidogo, na yeye akikusumbua wewe vumilia. Ukiambiwa zima unazima, hakuna kujadiliana.

Watu wananiuliza kwanini sikuchukua FM, sauti ya FM si nzuri zaidi? Nzuri ndio, ila FM bila leseni wanaipima kwa nguvu ya mawimbi yanayosikika mita 3 kutoka kwenye antena, na kiwango chenyewe ni kidogo mno, FCC wenyewe wanasema ni kama futi 200 tu ndo utasikika. Vile vitransmita vya FM vinavyouzwa mtandaoni vya wati tano wati kumi na tano, vya bei chee, hivyo havina uhalali wowote ukivichomeka antena ukarusha, na tangu sheria ya Januari 2020 faini ya redio haramu inaweza kufika dola laki moja na zaidi kwa siku. Kwa siku! Kwa hiyo AM. Kwenye AM wanakubana kwa umeme na urefu wa waya, hawakubani kwa umbali. Ukiwa na akili ya kuutumia waya wako vizuri, unakofika ni halali yako.

Na kingine ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikijui: kama unaunda mwenyewe kutoka sifuri, kwa ajili yako, vipande visivyozidi vitano na huuzi, huhitaji kukipeleka kifaa kikaguliwe. Ila hiyo ruhusa inasema wazi haihusu kifaa kilichounganishwa kutoka kwenye vile vipakiti vya kununua na kuchomea mwenyewe. Wapenzi wengi wa redio wanatumia vipakiti hivyo na hawajawahi kugongewa mlango, ila mimi ni mgeni nchi ya watu, karatasi zangu nazijua zilivyo, nikaona isiwe tabu, ninunue mashine iliyokamilika yenye namba ya FCC imebandikwa mgongoni. Nawashauri hivyohivyo.

Bahati Dayton ndo nyumbani kwa Hamvention, ule mkusanyiko mkubwa wa watu wa redio kila mwezi wa tano, siku hizi unafanyikia Xenia hapo pembeni kwenye viwanja vya maonyesho. Kama hujafika nenda hata kama huna hela, ile sehemu ya mitumba ni kama Karume ya mafundi redio, wazee wametandaza kwenye nyasi vitu ambavyo hata wao wamesahau vinafanya nini. Mzee mmoja alikuwa na hii transmita kwenye boksi lake, kijitabu kipo, adapta ipo, akaniambia dola 120, nikaanza kubagein kama niko Kariakoo akacheka, tukamalizana kwa 85 na juu yake akanipa koili ya ziada na ushauri mmoja ambao ndo ulikuwa na thamani kuliko mashine. Akasema, kijana, ukifika nyumbani usihangaike na mashine, hangaika na ardhi.

Sikumsikiliza, si unajua. Nikafika nikaitundika ndani, waya wa antena wa mita 3 nikaupandisha ukutani nyuma ya pazia, nikachomeka kwenye soketi, laptopu ikapiga wimbo, nikakimbilia jikoni. Sauti ipo! Ila chini yake kuna mngurumo mmoja mzito kama jenereta la jirani usiku umeme umekatika. Nikatoka nje, mita ishirini, sauti imeisha umebaki mngurumo.

Hapa ndo nyota moja inapokwenda. Adapta waliyokuja nayo ni zile nyepesi za kisasa, na kwa simu hazina shida ila kwa transmita ya AM ni sumu, zenyewe zinatoa kelele kwenye masafa hayohayo unayotaka kurushia, na mbaya zaidi kama hujaweka ethi ya maana mawimbi yako yanatafuta pa kushukia, yanaingia kwenye nyaya za umeme za nyumba, yanarudi yameshika mngurumo. Unauza mashine ya bei ile (mpya ni zaidi ya mara tatu ya niliyolipa) alafu unamwekea mtu adapta ya namna hiyo? Nilinunua nyingine ya zamani zile nzito zenye transfoma ndani, unaishika unahisi kama tofali, nikafunga na vile vipete vyeusi vya feraiti kwenye waya, mngurumo ukapungua robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa inatoka kwenye laptopu kupitia waya wa sauti, hiyo nikaimaliza kwa kitransfoma kidogo cha kutenganisha sauti, kama dola kumi hivi. Kwenye kijitabu hamna neno hata moja kuhusu haya mambo. Kurasa nzima imesifia maili moja.

Sasa turudi kwa mzee wa Xenia. Hebu fikiria hivi, mawimbi ya kilohezi 1640, ndiko ninakorushia, urefu wake ni kama mita 183. Antena ya kueleweka inatakiwa iwe walau robo ya hapo, yaani mnara wa mita arobaini na kitu. Wewe una mita 3. Ni kama kupiga ngoma ya harusi kwa kijiti cha meno. Antena fupi hivyo haitaki kabisa kupokea umeme, ndo maana ndani ya mashine kuna koili ya kuidanganya ionekane ndefu, na hata baada ya hapo sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuwa joto kwenye koili na kwenye udongo. Kati ya miliwati mia unazoilisha, inayotoka kweli hewani inaweza isifike hata moja. Mashine huwezi kuiongezea nguvu, antena huwezi kuirefusha, kwa hiyo umebakiwa na kitu kimoja tu cha kuboresha nacho ni udongo.

Na kwa sababu waya wa ethi nao unahesabiwa kwenye zile mita 3, mashine yenyewe lazima ishuke chini iwe karibu na ardhi. Kuna watu wanaipandisha juu ya paa alafu wanateremsha waya mrefu wa ethi mpaka chini, inafika mbali kweli maana huo waya nao umegeuka antena, na FCC walishawaandikia barua watu wa namna hiyo. Usifanye.

Mimi nikanunua ethi rodi, ile fimbo ya kugongea ardhini, ya shaba ya futi nane. Kabla ya kugonga chochote nikapiga 811, hiyo ni namba ya bure ya kuuliza kabla hujachimba, wanakuja wanapaka rangi kwenye nyasi kukuonyesha mabomba ya gesi na nyaya zinapita wapi, na kwangu bomba la gesi lilikuwa kama hatua tatu kutoka pale nilipokuwa nimepanga kugonga. Hatua tatu! Nikahamia pembeni ya banda la uani. Rodi ikazama yote, udongo wa huku ni mfinyanzi unashika maji kwa hiyo kwa ethi ni mzuri, alafu nikatandaza nyaya kumi na sita chini ya majani kama jua la kuchorwa na mtoto. Hizo nyaya za chini zenyewe wapenzi wanazihesabu kuwa ni ardhi, sio waya wa kuteremkia, na mimi nimeenda hivyohivyo. Kutoka kwenye mashine mpaka rodi nina sentimita ishirini tu, antena ya bomba la shaba mita 2 na nusu, jumla sijafika 3.

Mashine sio ya kukaa mvuani, kwa hiyo nikaifungia kwenye lile dumu la plastiki la kuwekea unga wa ugali, lenye mfuniko wa kubana. Mke wangu alilitafuta wiki nzima. Siku aliyoliona uani lina waya unatoka juu alisema maneno ambayo hayawezi kurushwa hewani.

Siku niliyowasha baada ya hapo nilichukua redio nikaanza kutembea mtaani kama mwendawazimu, nimeishika sikioni. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, inadunda tu. Kwenye gari ndo nikafika kule kituo cha mafuta. Mashine ileile, miliwati zilezile, kikubwa nilichobadilisha ni udongo. Kwahiyo ukisikia mtu anaisema vibaya hii mashine muulize kwanza ethi yake ikoje.

Kuchagua masafa nako kuna kazi yake. Mchana nilikuta nafasi tele, nikafurahi nikakaa 1200 na kitu, usiku naenda kusikiliza nimefunikwa kabisa na stesheni kutoka majimbo mengine huko. AM usiku inasafiri, jua likizama lile tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi linatoweka, mawimbi yanagonga la juu na kurudi mbali sana, wale mliokua mnakumbuka usiku mlivyokuwa mnapata stesheni za nchi jirani. Kwahiyo sikiliza usiku kwanza, usiku mbili tatu, ndo uchague. Na panda juu, kuanzia 1600 kwenda 1700, maana kadri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyofupika na ufupi wa antena yako unavyopungua makali kidogo. Nikaishia 1640. Usiku kuna mtu wa mbali anasikika kwa chinichini lakini ndani ya nyumba namfunika.

Redio ya mama ndo ikaleta kichekesho. Ile ya kuzungusha ya nyumbani mwisho wake ni 1600 na kidogo tu, 1640 haimo kwenye kioo! Redio za zamani nyingi ziko hivyo, hiyo sehemu ya juu ilifunguliwa baadaye na ni ya huku Amerika. Nikachukua nyingine yangu ya namba, nayo ilikuwa inaruka kwa tisa tisa, 1593, 1602 basi, maana Afrika stesheni za AM zimepangwa kilohezi 9 na Marekani ni 10. Nimehangaika nusu siku mpaka nikafungua sehemu ya betri nikakuta kaswichi kadogo kameandikwa 9 na 10. Kama una redio ya kutoka nyumbani angalia hapo kabla hujaitupa. Mama nikamnunulia nyingine ya kuzungusha, ya duka la mitumba, dola sita, inafika 1700, akaikubali kwa shingo upande.

Tena balbu ya LED iliyokuwa juu ya meza ya jikoni, palepale anapokaa, ilikuwa inapiga kelele kwenye AM kuliko stesheni yangu. Kubadilisha balbu ya dola tatu kulinisaidia kuliko wiki nzima ya kucheza na koili. Chaja za simu nazo zichomoe.

Sasa kinachorushwa ni nini? Hapa mjue kwamba FCC kutokudai leseni hakumaanishi nyimbo hazina wenyewe, nyimbo zina wenyewe na kina ASCAP na BMI, wale wanaowakusanyia wanamuziki malipo yao, wapo, kwa hiyo mimi nyimbo sirushi, najaribu kuwa mtu mwema. Nilichofanya, nimechukua voisi noti za kwenye grupu la ukoo. Niliomba ruhusa kwanza, wajomba wakafurahi kuliko nilivyotegemea, wakaanza kurekodi wakiwa wanajijua wako redioni, sauti zimebadilika, mjomba wa Korogwe anaanza na "wasikilizaji popote mlipo". Na wote bila kuambizana wakarudi kwenye salamu! Zile za kadi, enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), fulani wa mahali fulani anawasalimu wafuatao, majina ishirini, na ujumbe usemao. Saa moja asubuhi salamu, saa saba mchana habari za ukoo, nani kaumwa, nani kajenga, mahindi yamekuwaje, jioni shangazi anasimulia hadithi. Mama anakoroga uji anaijibu redio.

Sauti ilihitaji kazi. Mmoja karekodi yuko kwenye bodaboda, mwingine ananong'ona, na kwenye AM ukiwa na sauti ndogo basi ndo unazama kwenye mikwaruzo. Tafuta programu yoyote ya bure yenye limita na kompresa, ibane sauti yote iwe imejaa na kulingana, alafu kata besi na kata zile za juu sana maana redio nyingi za AM haziwezi kuzitoa hata ukiwapa. Kwenye mashine kuna taa nyekundu ya kuonyesha umezidisha, iwake kwa kugusagusa tu. Hicho kitu peke yake kilinipa labda nyumba mbili zaidi za umbali, yaani kusikika vizuri na kusikika mbali vinaenda pamoja.

Kufananisha tu, kusini ya hapa, njia ya kwenda Cincinnati, kuna mnara wa WLW, 700 AM, wati elfu hamsini, ni mara laki tano ya yangu. Na kati ya 1934 na 1939 walikuwa wanarusha wati laki tano. Nikipita pale na gari huwa nampigia honi kama mkubwa wangu kazini.

Baridi ilipokuja nilipoteza karibu theluthi ya umbali. Udongo ukiganda haupitishi umeme vizuri, na theluji ikikaa kwenye antena mpangilio wa koili unahama unabidi utoke na koti ukaitune upya, vidole vinakufa. Ila hata hivyo jirani yetu Mkongo nyumba ya nne, mtu wa Bukavu, alikuwa bado anaipata. Huyo alinikuta siku moja natoa takataka akaniambia, "Ndugu, ile mama ya mu redio, ule wa hadithi, iko wapi leo?" Shangazi alikuwa anaumwa mafua. Nikajua nina msikilizaji mmoja wa nje ya familia, nilitembea siku hiyo kama mkurugenzi.

Gharama zote ukijumlisha: mashine 85, adapta 20, rodi na nyaya kama 60, kitransfoma na feraiti 15, redio 6, balbu 3. Dumu la unga sijui, nililinunua jipya kimyakimya. Ukinunua mashine mpya jiandae kwa dola mia tatu na zaidi. Kama unakaa apatimenti ghorofani achana nayo kabisa, huna ardhi, utapata mngurumo na ugomvi. Kama lengo lako ni kusikika mjini mzima, hii sio yako, tafuta leseni au nenda mtandaoni. Na wa bongo mnaoniuliza kama mnaweza kuagiza: hii ruhusa ni ya Marekani, nyumbani kurusha ni lazima leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, miliwati mia haikuokoi.

Hilo ndo nililomwambia mama pia, maana mwezi wa tatu aliporudi Muheza alitaka kuondoka nayo kwenye begi, pamoja na dumu. Nikamkatalia. Sasa anarekodi yeye kutoka kule, kila Ijumaa, dakika kumi na mbili kumi na tatu, jogoo anasikika nyuma, na ameshaniletea malalamiko mawili kama msikilizaji mzoefu: la kwanza namkata kabla hajamaliza majina ya salamu, la pili matangazo ya vifo yanatakiwa yatangulie, nani kakufundisha kuyaweka mwisho.